Baa Iliyoponea Chupuchupu

Saa tisa alasiri, kabla wateja hawajaanza kuingia, mhudumu huimwagia sakafu ndoo mbili za maji, akaisugua kwa ufagio wa chelewa, kisha akayasukuma maji yatoke kwenye tundu lililo chini ya ukuta wa mashariki. Kwa dakika chache kabla haijakauka, sakafu hiyo huonyesha rangi ambazo mchana kutwa hufichwa na vumbi: uwanja mpana wa rangi ya maziwa, mkanda mwekundu wa damu ya mzee unaouzunguka, na katikati ya ukumbi nyota nyeusi yenye ncha nane, kila ncha ikiwa imetiwa mpaka kwa ukanda mwembamba wa shaba. Kizingitini, kwa shaba hiyohiyo, imeandikwa tarakimu 1956. Nimekuwa nikiikanyaga sakafu hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, na aibu yangu ni kwamba miaka kumi na kadhaa iliyopita nilikaa mezani na kuchora ramani ya kuing'oa.

Jina la baa sitalitaja, kwa kuwa mwenyewe ameniomba nisilitaje. Anahofia watu wa kupiga picha. Inatosha kusema kwamba iko Mtwara mjini, upande wa baharini, katika mojawapo ya zile barabara pana ambazo mgeni huzishangaa kwa kuwa hazina magari ya kuzijaza. Mimi ni fundi sanifu wa majengo kwa kazi, na marehemu baba yangu alikuwa karani wa bandari. Yeye ndiye aliyenipeleka pale kwa mara ya kwanza, nikiwa mtoto, akaninunulia soda na kunikalisha kwenye kiti cha mabomba ya chuma ambacho hadi leo kipo, ingawa nyuzi zake zimesukwa upya mara nyingi kiasi kwamba hakuna aijuaye rangi yake ya kwanza.

Ili mtu aielewe nyumba hiyo ni lazima aelewe kwanza kwa nini mji wenyewe upo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na serikali yake ikabuni mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Lindi, iliyokuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini, haikuwa na kina cha kutosha kwa meli kubwa, lakini ghuba ya Mtwara ilikuwa nacho. Basi bandari ikaanza kujengwa mwaka 1948, reli ikalazwa kuelekea bara, na mji ukapimwa kwa kamba, mitaa ikanyooshwa na viwanja vikagawiwa kwa ajili ya umati uliotarajiwa. Karanga zikakataa. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua haikuja kwa ratiba ya waliokaa London, matrekta yakavunjika, na mapema mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35. Bandari ilikamilika mwaka 1954, miaka mitatu baada ya shehena iliyojengewa kukosekana. Reli nayo haikudumu: mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa na vyuma vyake viking'olewa.

Kwa hiyo mtu aliyejenga baa mwaka 1956 alikuwa ama na matumaini makubwa ama na fedha za kuchezea. Wazee husema alikuwa mfanyabiashara aliyeamini kwamba mji uliokwisha kupata bandari hautakosa watu, na kwamba mabaharia watashuka wakiwa na kiu. Hakujenga banda. Alijenga ukumbi wa kisasa wa wakati ule, katika mtindo uliokuwa ukishika kasi katika nchi zote za joto zilizokuwa chini ya wakoloni: kuta nyeupe zisizo na nakshi, paa lililotokeza mbele kama kofia ya mvuvi, na nafasi nyingi za upepo kupita. Dar es Salaam mtindo huo una watu wanaouenzi, na mtu akitaja majengo ya Anthony Almeida mbele ya wasanifu, wataongea mpaka usiku. Huku kusini hatujazoea kuyatazama majengo ya namna hiyo kuwa ni kitu. Tukisema jengo la kale, tunamaanisha Boma la Mikindani, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, au magofu ya Kilwa Kisiwani. Nyumba ya mwaka 1956 kwetu ni nyumba kuukuu tu.

Naomba msomaji avumilie nizungumzie terazo kidogo, kwa kuwa ndiyo roho ya ukumbi ule na kwa kuwa mafundi vijana niliowahi kuwafundisha hawajawahi kuiona ikimiminwa. Terazo hainunuliwi dukani ikaja kubandikwa kama vigae. Fundi huanza kwa kumwaga zege la chini, kisha hupima na kusimamisha kanda za shaba zinazoigawa sakafu katika vyumba vyumba; kanda hizo ni urembo, lakini kazi yake hasa ni kuzuia nyufa, maana saruji ikisinyaa hupasukia pale palipokwisha kukatwa badala ya kukimbia ovyo kama mizizi. Katika kila chumba humiminwa mchanganyiko wa saruji, rangi na kokoto ndogo za marumaru, ukashindiliwa kwa rola mpaka kokoto zikae zikigusana. Ukishakuwa mgumu, ndipo kazi yenyewe huanza: sakafu husagwa kwa jiwe la kusagia na maji, kwanza jiwe la chenga kubwa, halafu la kati, halafu lililo laini, na katikati ya hatua hizo vitundu vyote huzibwa kwa uji wa saruji na kusagwa tena. Mwishoni kokoto zote zimekatwa usawa mmoja, kila moja ikionyesha tumbo lake. Ndiyo maana terazo haichakai kama kigae chenye ngozi ya rangi juu na udongo chini. Ukiikwangua, unakuta terazo nyingine.

Karibu na nguzo ya tatu, upande wa kushoto kwa anayeingia, kuna kitu ambacho nilikiona siku moja nilipoinama kuokota kalamu. Katikati ya kokoto za marumaru kuna vipande vya kombe la pwani, vyeupe vyenye mistari ya zambarau, labda ishirini hivi, vikiwa vimekusanyika katika eneo lisilozidi sinia. Sidhani vilipangwa. Nadhani kokoto ziliwaishia siku hiyo, kibarua akatumwa ufukweni na ndoo, na fundi akafumba macho. Tangu siku hiyo kila nikiingia huwa navitafuta kwanza kwa macho, kabla hata sijamwamkia mzee wa kaunta.

Mzee huyo amekuwa nyuma ya kaunta tangu nikiwa kijana. Ukimwambia "Shikamoo mzee," hajibu mpaka amalize kufuta bilauri aliyonayo mkononi, ndipo huitika "Marahaba mwanangu" kwa sauti ya mtu aliyekuwa akikungojea. Kaunta yenyewe imepinda mfano wa nusu mwezi. Juu ni terazo nyeusi, na mbele imevikwa vibao vyembamba vya mninga vilivyosimamishwa kimojakimoja, kila kimoja kikiwa kimepigwa randa mviringo, hata mtu akipitisha kiganja husikia kama anapapasa mbavu. Chini kuna bomba la shaba la kuwekea mguu. Sehemu ya katikati ya bomba hilo inang'aa kama dhahabu na miisho yake ni ya kijani kwa kutu, jambo linaloonyesha wazi kwamba kwa takriban miaka sabini watu wamependa kusimama mahali palepale, mbele ya mzee, na si pembeni.

Kulia kwa kaunta kuna dirisha dogo la mbao, kimo cha kifua, linalofunguka kuelekea uani. Leo mzee hulitumia kupitishia sahani za mishikaki kutoka kwa mchoma nyama. Lakini alinieleza, bila chuki na bila kupunguza neno, kwamba wakati nyumba inafunguliwa dirisha hilo lilikuwa kwa ajili ya watu kama baba yangu. Ndani walikaa wazungu na wageni wao. Mwafrika aliyekuwa na fedha zake alihudumiwa uani, amesimama. Baba hakuwahi kunisimulia jambo hilo. Aliponileta pale utotoni alipita mlango wa mbele, akavuka ile nyota moja kwa moja hadi katikati ya kaunta, akaweka mguu wake juu ya bomba. Niliona ni kawaida. Sasa ninapofikiri, nakumbuka kwamba hakuwa mnywaji.

Kilichobaki cha kusemwa kuhusu ukumbi ni upepo, na hapo ndipo fundi ndani yangu huanza kuhubiri. Ukuta wa kusini hauna madirisha ya vioo. Nusu yake ya juu ni matofali ya matundu yaliyofinyangwa kwa umbo la jani, na nusu ya chini ina luva za mninga zilizolazwa mshazari ili mvua isiingie hata ikipiga kwa pembe. Upande wa kaskazini kuna luva nyingine, ndefu zaidi, zilizo juu karibu na dari. Wakati wa kusi upepo huingia chini na kutokea juu, na wakati wa kaskazi hugeuka, ukaja kutoka upande wa pili. Mapangaboi manne yaliyoning'inia kwa vyuma virefu huamsha hewa pale upepo unapolala, na mawili kati yake bado yana mota zake za asili, zilizosukwa upya nyaya na fundi wa Chikongola. Siku moja ya mwezi wa pili nilipima kwa kipimajoto: nje nyuzi 33, ndani nyuzi 29, bila kiyoyozi. Umeme ukikatika, hakuna anayeondoka.

Sasa niseme ilivyoponea. Miaka michache baada ya uhuru, mfanyabiashara aliyejenga alichoka kuwangojea mabaharia na akamuuzia mpishi wake kwa malipo ya kidogo kidogo. Huyo ndiye baba wa mama anayeimiliki sasa. Mwaka 1971, serikali ilipotaifisha majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, nyumba nyingi nzuri za miji ya pwani ziliondoka mikononi mwa wenyewe na polepole zikakosa wa kuzipaka hata chokaa. Hii ilikuwa ndogo mno na mwenyewe alikuwa akiishi na kufanya kazi humohumo, hivyo haikuguswa. Ikaja miaka ya 1980 mwanzoni, miaka ya kupanga foleni, ambapo bia ilikuwa habari ya kusimuliana na mtu hakuuziwa chupa iliyojaa bila kuleta tupu. Baa nyingine zilifungwa au zikageuka maghala. Mpishi akauza chai, maandazi na, msimu wa mabibo ulipofika, uraka uliochujwa vizuri, ambao wateja waliunywa kwa heshima zote katika bilauri za bia juu ya kaunta ya terazo. Mzee husema hiyo ndiyo miaka ambayo watu walizoea kuja hata kama hakuna cha kunywa.

Nadhani kilichoilinda zaidi ni umbali wetu. Kwa muda mrefu kusini kulikuwa nchi nyingine. Rufiji ilivukwa kwa kivuko, na mvua za masika zikianza, basi la Dar es Salaam lingeweza kulala njiani siku mbili au wiki nzima. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003, na hata baada ya hapo kipande cha barabara cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kututoa jasho kwa miaka. Katika hali hiyo, mtindo mpya wa kaunta au dari haukufika kwetu kwa urahisi, na aliyevunjikiwa na kiti alikipeleka kwa fundi badala ya kununua kingine. Sisemi hayo kwa kuusifu ufukara. Watu walikufa njiani kwa barabara ile. Nasema tu kwamba mbao za mninga zilibaki mahali pake kwa sababu hapakuwa na cha kuweka badala yake.

Halafu ikaja gesi. Mwaka 2013 mji wetu ulikuwa midomoni mwa nchi nzima, na pamoja na vurugu na machozi ya mabomu kulikuwa pia na homa ya kujenga. Kila mwenye kiwanja aliota hoteli. Kodi za nyumba zilipanda, wageni wenye kofia ngumu walijaa, na mdogo wake mama mwenye baa alinijia na bahasha akasema anataka pale pawe mahali pa kimataifa. Nilimwelewa vizuri sana. Nilikuwa na watoto wawili sekondari na kazi hazikuwa nyingi. Nilikaa siku nne nikachora: kaunta ya nusu mwezi ivunjwe na iwekwe iliyonyooka, terazo ifunikwe kwa vigae vikubwa vinavyong'aa, matofali ya matundu yazibwe, luva zitoke na yaje madirisha ya alumini ya kusukuma, ambayo, kwa jinsi yalivyo, hufunguka nusu tu, na kwa kuwa hewa isingepita tena, viyoyozi vitano na dari ya jipsamu iliyoshushwa ili baridi isipotee. Nilikadiria shilingi milioni 48 na nikaandika kwa mwandiko mzuri. Hakuna hata mstari mmoja katika mchoro ule ambao chuo kingenikosoa.

Nilipokwenda kupima urefu wa ukumbi, mzee wa kaunta alinishikia upande wa pili wa futi kamba. Alifanya hivyo siku nzima bila kuniuliza napima kwa ajili ya nini. Jioni akaniwekea soda ya tangawizi, akaniambia, "Baba yako alikuwa akisimama hapo," akaonyesha kwa kidevu, na akarudi kufuta bilauri zake.

Ningependa kusema kwamba nilirudi nyumbani nikachana mchoro. Sikuuchana. Niliuwasilisha na nikalipwa. Kilichoiokoa baa safari hiyo ni benki, ambayo ilichelewesha mkopo mpaka hamu ikapoa. Bei ya mafuta duniani ikaanguka mwishoni mwa mwaka 2014, kiwanda cha kusindika gesi kilichotarajiwa upande wa Lindi kikabaki mazungumzo, na wageni wenye kofia ngumu wakapungua mmoja mmoja kama mkia wa kumbikumbi baada ya mvua. Nyumba kadhaa zilizowahi kufumuliwa kwa haraka ya miaka ile hadi leo ni maghofu ya nondo. Mchoro wangu uko chini ya kaunta. Karatasi yake ni nzito na nzuri, na mgongoni mwake ndiko wanakoandika madeni.

Madeni hayo yana utaratibu wake, na utaratibu huo ni sehemu ya nyumba kama zilivyo luva. Wateja wa kudumu ni kama arobaini, na kati yao wapo wavuvi, walimu wastaafu, mawakala wa korosho, dereva wa lori la saruji, fundi cherehani mmoja na wanawake wanne wa soko la samaki ambao hukaa meza ya mlangoni na hawahamishwi na mtu yeyote. Msimu wa korosho, malipo ya mnada yakishaingia, madeni yote hufutwa kwa wiki moja na kaunta hujaa. Kuanzia mwezi wa tatu huanza kuandikwa tena. Kundi hilo limeunda chama cha kufa na kuzikana kinachokutana Jumapili ya kwanza ya mwezi chini ya mapangaboi, chenye daftari, mweka hazina mkali na mchango wa shilingi 5,000. Akifiwa mmoja, baa hufungwa mpaka baada ya mazishi, na viti vya mabomba ya chuma hupakiwa kwenye guta na kupelekwa msibani. Ndiyo maana vimesukwa upya mara nyingi. Viti hivyo vimekalia misiba zaidi kuliko bia.

Wapo pia wasiokunywa kabisa, na si wachache, kwa kuwa huu ni mji wa pwani na wengi wetu tumelelewa msikitini. Hao hukaa barazani, chini ya paa lililotokeza, wakicheza bao au drafti kwa vizibo vya chupa, upande mmoja vikiwa vimefunikwa na upande wa pili vimefunuliwa. Hakuna anayewauliza kwa nini wako baa, wala wao hawaulizi kilichomo katika bilauri ya jirani. Ndanda ilipokuwa Ligi Kuu, kati ya mwaka 2014 na 2020, siku za mechi baraza na ukumbi vilikuwa kitu kimoja na televisheni iliwekwa kwenye lile dirisha dogo ili wa uani nao waone. Nilimwona mzee mmoja wa bao akilia siku timu iliposhuka daraja. Kikombe chake kilikuwa cha chai.

Mtwara ya leo ina grosari kila mtaa, nyingi zikiwa na viti vya plastiki vyenye rangi ya kinywaji fulani na muziki unaomlazimisha mtu kuongea kwa mikono. Sizichukii. Lakini miaka mitatu iliyopita kampuni moja ya vinywaji ilikuja kwa mama na ahadi ya majokofu mawili ya bure iwapo angeruhusu kuta zote, ndani na nje, zipakwe rangi zake. Mama alisema atafikiri, na kabla hajamaliza kufikiri vijana wao walikuwa wamekwisha kupaka nguzo mbili za barazani na vibao vitatu vya mninga kwa rangi ya mafuta. Wanawake wa meza ya mlangoni ndio waliowafukuza. Vibao hivyo tuliviparua kwa kioo kilichovunjika, Jumapili mbili mfululizo, na bado ukitazama kwa karibu utaona uzi mwembamba wa rangi katika mifereji. Kuhusu majokofu, mzee hakuona hasara. Bado humwuliza kila mteja, "Ya moto au ya baridi?" na wengi wa rika lake huchukua ya moto.

Nimejaribu kutafuta kama kuna sheria ya kumtetea mama siku kampuni nyingine itakapokuja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na milango iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Hiki kilichozaliwa mwaka 1956 ni kichanga mbele yake. Waziri anaweza kutangaza kitu cha baadaye, lakini ni nani atakayemwandikia waziri kuhusu baa? Huko Uingereza, ambako unywaji ni jambo la kuzungumzwa bila kuinamisha kichwa, mwaka 2018 idara ya urithi iliziingiza katika orodha ya majengo yanayolindwa baa tano zilizojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili, mojawapo ikiwa ya mwaka 1957 katika kijiji cha pwani cha Caister-on-Sea, iliyopewa jina kwa ukumbusho wa waokoaji waliozama. Yaani ni rika moja kabisa na yetu, na iko kando ya bahari kama yetu. Kwetu hata Soko la Kariakoo, kazi ya Beda Amuli yenye miavuli ya zege inayokinga maji ya mvua, wengi tulianza kulitazama vizuri baada ya kuungua Julai 2021.

Kwa sasa tunachofanya ni ukarabati wa mikono. Chama cha kufa na kuzikana kimekubali, baada ya vikao vitatu na maneno mengi, kwamba shilingi 500 katika kila mchango ziende kwenye nyumba, kwa hoja ya mweka hazina kwamba nyumba nayo ni mwanachama na haijawahi kuchelewa mkutano. Kwa fedha hizo tumebadilisha luva kumi na moja zilizoliwa na mchwa, na nimemfundisha kijana mmoja seremala kuzilaza kwa pembe ileile. Mimi sidai ujira. Kuna mtu amewahi kuniuliza sababu, nikamwonyesha mgongo wa mchoro wangu.

Mwezi uliopita tulifika kwenye sakafu. Lori lililokuwa likishusha kreti lilirudi nyuma vibaya, kona ya jokofu ikaangukia karibu na kizingiti na kubomoa kipande cha terazo chenye ukubwa wa kiganja, hatua mbili kutoka kwenye tarakimu 1956. Mafundi wa terazo hapa mjini hawapo tena. Wa mwisho niliyemfahamu alizikwa Magomeni. Kokoto za marumaru nilizikosa, saruji nyeupe nayo nikaikosa, kwa hiyo nilitumia ya kijivu kutoka kiwanda chetu cha hapa Mtwara. Mmoja wa wanawake wa mlangoni alileta mfuko wa kombe kutoka ufukweni, nasi tukazivunja kwa nyundo juu ya gunia. Nilisaga kiraka kwa jiwe la mkono na maji, nimepiga magoti, kwa siku tatu, huku wacheza bao wakinipa ushauri kila mmoja kinyume na mwenzake.

Kilipokauka kilikuwa cheusi kuliko nilivyotarajia, na kombe zilikuwa kubwa mno. Mzee alitoka nyuma ya kaunta, jambo ambalo hulifanya kwa nadra, akavua ndara, akakipapasa kiraka kwa kidole gumba cha mguu, upande huu na upande ule.

"Laini," alisema. Kisha akakitazama tena. "Ila wajukuu watadhani hapa palimwagika uji wa ulezi."

Akavaa ndara zake, akarudi kwenye kaunta, akageuza ule mchoro, na kuniandikia deni la soda tatu za tangawizi.